Msiseme Aliugua kwa Muda Mrefu

Ndugu waombolezaji, majirani, mafundi wenzake na marehemu, nanyi wageni mliotoka mbali, mimi niliyesimama mbele yenu ni mdogo wake wa kike, mpishi wa shule, sauti yangu imezoea kuita watoto waje kula wakiwa uwanjani, kwa hiyo aliyeko nyuma asihofu, atasikia. Familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yetu, na kabla sijaanza nawaomba wale wanaonong'onezana juu ya kina cha jeneza hili watulie kidogo, jibu lao limo humu na litafika kwa zamu yake.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mheshimiwa, alizaliwa tarehe 14 Machi 1962 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya treni, mtoto wa tatu na wa kwanza wa kiume, wa baba aliyepakia mizigo pale stesheni na mama aliyefua nguo za watu. Alisoma shule ya msingi ya ng'ambo ya reli kuanzia mwaka 1970 hadi 1976, akaendelea na sekondari mwaka 1977, akawa golikipa wa shule, mrefu, mwepesi, mwenye maneno mengi kuliko mabao aliyozuia, na masomo yake yalikatika tarehe 2 Agosti 1979 baba alipofariki.

Hapa pana jambo ambalo familia haijawahi kulisema mbele za watu, na marehemu ametuagiza lisemwe. Baba yetu alikuwa amepinda, mgongo na shingo vilijikunja mwaka hadi mwaka mpaka akawa hawezi kumtazama usoni anayemwamkia, akawatambua watu kwa viatu vyao, na alipofariki hakulazika, ikabidi seremala atengeneze jeneza lenye kina kirefu na aombwe kufunga mdomo. Baba mkubwa ndiye aliyesoma historia siku ile, na kwa kuwa dada zetu wawili walikuwa wanaposwa, na yeye hakutaka wakwe waseme nyumba ile ina watu wa mifupa mibovu, alisoma kwamba marehemu aliugua kwa muda mrefu, akafunga karatasi, watu wakaitikia, tukaenda kuzika. Dada waliolewa vizuri, hilo hatulikatai.

Mwaka 1981 kaka alianza kujifunza kazi kwa fundi vioo mmoja wa barabara ya sokoni, mzee mkali aliyesema kioo hakikatwi kwa nguvu, hukatwa kwa kutosita, na mwaka 1987 alifungua karakana yake mwenyewe pale kwenye kona, akibandika vioo vya madirisha, akikata meza za vioo na kutengeneza vioo vya kujitazamia. Mwaka 1989, tarehe 9 Desemba, alifunga ndoa na mshona mapazia wa duka la jirani, na kwa miaka yote hiyo hakuacha kumtania mkewe kwamba yeye anafanya kazi ya kuingiza mwanga nyumbani kwa watu na mwenzake anamfuata nyuma kuuzuia. Mungu aliwajalia watoto watatu, wa kwanza wa kiume, mwaka 1990, ambaye ni fundi umeme, wa pili wa kiume, mwaka 1993, ambaye ni mwalimu, na kitinda mimba wa kike, mwaka 1999, ambaye ni karani wa tiketi katika stesheni ileile aliyopakia mizigo babu yake.

Maumivu yalimwanza mwaka 1984 akiwa kijana wa miaka ishirini na miwili. Aliamka alfajiri mgongo umekakamaa kama nguo iliyokaukia kambani, akajisukuma, akatembea uani, na jua likipanda mwili ukalegea akaenda kazini akicheka, kwa hiyo hakuna aliyemwamini, maana mgonjwa gani anayepona kwa kufanya kazi na kuumwa kwa kulala? Mwaka uliofuata ikaja shingo, na shingo ilipoingia ndipo ushauri nao ulipomiminika, kila mtu akawa daktari, huyu akasema ni mto wa kulalia, yule akasema ni upepo wa dirishani, wageni wakaja kila mmoja na mto wake mkononi, mito ikajaa mpaka mke wake alipoingia nyumbani kama bibi harusi hakuona pa kuweka sanduku. Mkandaji mmoja alimkamata kichwa akakigeuza kwa ghafla kama anayefungua chupa, na kwa wiki nzima kaka hakuweza kumeza bila kushika ukuta.

Lakini lililomuumiza kuliko yote lilitoka kwetu sisi tunaompenda. Mwaka 1992, hali ilipozidi, kikao cha ukoo kilikaa, mama mkwe wake akiwemo, na wote kwa kauli moja tukamwamuru apumzike, alale chali, asiguse kioo, asichote hata maji, na kwa kuwa alikuwa mtoto mwenye adabu alitii akalala msimu mzima wa mvua, akiletewa chakula kitandani, akiomba kila siku aruhusiwe kuzunguka uani kidogo, nasi tukimwambia atulie. Alipoinuka, shingo ilikuwa imeganda, haikugeuka tena kulia wala kushoto hadi siku ya kufa kwake, na kila tulipomtazama tulijua kwamba tulimfungia ndani na adui yake.

Mwaka 1994 jicho lake moja likawa jekundu, likakataa mwanga, na daktari wa macho, badala ya kumtazama jicho tu, akamuuliza habari za mgongo, kisha akampeleka kwa mwenzake, daktari wa viungo wa hospitali kuu. Huyo ndiye aliyetupa jina, kwamba ni baridi yabisi ya uti wa mgongo, kinga ya mwili inashambulia maungio ya mifupa, yanavimba, yanauma, na mwishowe yanashikana, na kwamba hutembea katika damu ya ukoo. Alimuuliza kama yuko mtu nyumbani aliyewahi kuugua hivyo, kaka akajibu hapana, baba yetu aliugua tu kwa muda mrefu, daktari akamwambia kwa upole kwamba huo si ugonjwa, hiyo ni kalenda. Kaka alirudi siku hiyo na hasira, akatusimulia jinsi baba alivyopinda kana kwamba sisi hatukumwona, akabeba mito yote akaitupa uani, akapiga marufuku neno pumzika ndani ya nyumba yake.

Tangu hapo alitumia dawa, alifanya mazoezi kila asubuhi baada ya maji ya moto, na alitembea, jamani, alitembea. Hakukaa kitako. Kwenye vikao alisimama nyuma, kwenye harusi alizunguka meza, kwenye misiba kama huu alikwenda na kurudi kama kuku anayetaka kutaga, na wasiomjua wakasema ana haraka au ana dharau. Ukimwita njiani alikuwa lazima ageuke mwili mzima, taratibu, kifua mbele, kama mgeni rasmi anayekagua gwaride, na hapo ndipo lilipozaliwa jina la Mheshimiwa, ambalo mwanzoni lilikuwa la kumkejeli na yeye akalichukua akalivaa. Asichoweza kukiona kwa shingo alikiona kwa vioo, akavitundika karakanani, ukumbini, kwenye baiskeli, mpaka kwenye nguzo ya uani, watu wakasema fundi huyu anajipenda kupita kiasi, na jirani mmoja alikuja juu akidai anachunguliwa akianika nguo, kaka akamwomba radhi, akahamisha kioo, na siku hiyohiyo akambandikia dirisha bure.

Nisiwadanganye kwamba alikuwa na uvumilivu wa malaika. Zilikuwepo asubuhi za kugomba, za kutupa kijiko kwa sababu hawezi kuinua uso anywe chai, za kumwambia mkewe maneno ambayo jioni aliyaombea msamaha, na nyuma ya hasira hiyo yote palikuwa na hofu moja, watoto, alihesabu miaka yao kwa wasiwasi, na wavulana walipopita thelathini wakiwa wanainuka vizuri alianza kushusha pumzi. Mwaka juzi, kupitia kioo cha ukumbini, alimwona kitinda mimba wake akitoka chumbani asubuhi, ameshika mlango kwa mikono miwili, anageuka ubavuubavu. Alimuuliza, akaambiwa amelala vibaya. Alimuuliza tena mwezi uliofuata, akaambiwa ni kiti cha stesheni. Wakagombana, baba na mwana, kwa sababu binti alikuwa amechumbiwa, na alimwambia baba yake wazi kwamba hataki kupelekwa kwa wakwe akiwa na cheti cha hospitali mkononi, na kaka akatoka akatembea mpaka miguu ikavimba.

Tarehe 5 Februari mwaka huu aliteleza mlangoni pa karakana, kuanguka kudogo tu, mimi na wewe tungepangusa magoti tukaondoka, lakini daktari alishatuonya kwamba mifupa iliyoshikana huvunjika kama kioo chembamba. Watu wema walikimbia kumnyoosha, na mkewe, ambaye hajawahi kupaza sauti mtaani, aliwapigia kelele wasimguse shingo, akaishika mwenyewe vilevile ilivyopinda hadi hospitali, na kwa ajili hiyo tulipata siku za kuagana. Alitumia siku hizo kutuagiza mambo mawili, kwamba historia yake isiseme aliugua kwa muda mrefu, na kwamba binti yake asitajwe humu bila ruhusa yake. Alifariki tarehe 17 Februari, saa kumi na moja alfajiri, saa aliyoichukia kuliko zote. Kaka naye hakulazika, kama baba, na seremala aliyetengeneza jeneza hili lenye kina hakuombwa kufunga mdomo, muulizeni mtakalo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya mifupa, daktari wa viungo aliyestaafu na ambaye leo yuko nasi, mafundi wa barabara ya sokoni waliofunga karakana zao kuja hapa, majirani waliopika na kufagia, na wachukuzi wa stesheni waliobeba jeneza bila kulipumzisha njiani.

Limebaki moja. Mlangoni pale, tangu tuanze, amesimama binti, mara anaegemea mguu huu, mara ule, na nimewaona vijana wakimpa kiti zaidi ya mara moja na yeye akikataa. Hakukosa adabu. Jana jioni alinifuata jikoni akaniambia niyasome yote, hata mbele ya wakwe zake watarajiwa, ambao wameketi safu ya pili na wanayasikia sasa hivi kama ninyi, na watakachoamua watakiamua nyumbani kwao. Wahenga walisema mficha maradhi kilio kitamuumbua, na katika ukoo huu kilio kimeshatuumbua mara mbili. Kwa hiyo yeyote wa damu yetu anayeamka amekakamaa na kupata nafuu akitembea, mzee kwa mtoto, Jumatatu asubuhi anikute getini pa hospitali, nitakuwa hapo pamoja na binti huyu, shangazi na mtoto wa kaka yake, na atakayetuuliza tunakwenda wapi tutamjibu.

Kaka, Mheshimiwa, neno ulilolipiga marufuku leo naliomba kwako mara moja tu, maana Jumatatu sisi tunaanza kutembea na wewe umekwisha kutembea. Pumzika kwa amani.