Gari la Kumleta Mkwe

Pale Rahaleo, njia ya kwenda sokoni inapokutana na njia ya kwenda kanisani, palikuwa na benchi refu la mninga ambalo miguu yake miwili ilikwisha oza na mahali pake pakawekwa mawe. Benchi lilikuwa la Mohamedi, fundi baiskeli. Watu walimwita Pampu. Kila asubuhi aliteleka dele la kahawa kando ya kazi yake, na wenye maneno walikuja kunywa. Mzee Rashidi, aliyepata kuwa tarishi wa boma zamani za Waingereza, aliitwa Gavana, kwa sababu hapakuwa na jambo asiloweza kulitolea amri. Danieli, karani wa posta aliyezaliwa Tanga, aliitwa Redio, maana akianza habari hapakuwa na pa kumzimia. Wa nne alikuwa Mathayo, Mnyasa, dereva wa trekta bandarini. Yeye walimwita Breki, kwa vile alisema polepole mno. Kati ya neno lake moja na la pili mtu aliweza kumaliza kikombe.

Jumamosi moja, mwaka wa pili baada ya Azimio, Mathayo hakuja kijiweni kwa miguu. Alikuja na gari la milango minne, rangi ya maziwa, mali ya daktari mgeni aliyekuwa akijitayarisha kurudi kwao. Bei walikwisha patana. Kilichobaki ni Mathayo kulijaribu kutwa na kutoa jibu kabla ya magharibi, kwani kulikuwa na mtu wa Mikindani naye alilitaka.

Aliliegesha kivulini, akateremka, akaamkia, akakaa. Kisha akaeleza haja yake, na wenzake wakangojea kila neno lifike. Kesho yake ilikuwa misa ya mwaka ya marehemu mkewe, Elizabeti, Mungu amlaze pema. Mama yake Elizabeti, Bibi Felista, alikuwa kwake Nanyamba na nyonga yake ilikuwa imeharibika tangu masika. Lori hakuweza kulipanda. Ngazi ya basi nayo ilikuwa juu kama dirisha la ghala. Bibi alikwisha tuma neno kwamba atamwombea mwanawe huko huko kitandani. Neno hilo lilimkaa Mathayo kifuani. Elizabeti alikuwa mtoto wa pekee, na Mathayo hakuona vipi padre atalitaja jina lake madhabahuni mama yake asilisikie.

– Nataka kumleta leo, alisema. Nyinyi mnajua mambo. Niambieni kama gari hili linafaa nyumba yangu.

Basi wakalivamia. Pampu alilipiga teke kila gurudumu, akalala chini kulitazama tumbo, akatoka na mchanga kwenye nywele na kusema kwamba liko chini kama kenge, na mchanga wa njia ya Nanyamba litaulima kwa kidevu. Danieli akakataa. Alisema Dar es Salaam magari ya namna ile ndiyo ya watu wenye watoto, na yeye amesikia kwamba mtu mmoja alisafiri nalo mpaka Mbeya na mke, watoto sita na cherehani. Pampu akauliza cherehani ilikaa wapi. Danieli akasema hilo halikutangazwa.

Wakafungua buti. Pampu akaenda uani kuleta gunia la makopa, mihogo mikavu ya mkewe, likaingia. Akaleta la pili, likaingia kiuno tu na miguu ikabaki nje. Wakabishana kama familia ya kawaida ina haja ya gunia moja au mawili. Mzee Rashidi alikunywa kahawa yake mpaka mwisho, akakipindua kikombe juu ya benchi, na hapo wote wakajua kwamba amri inakuja.

– Gunia tuliache. Mkwe atakaa wapi?

Mathayo akasema atakaa nyuma pamoja na watoto wake watatu, ambao alikusudia kwenda nao ili bibi yao afurahi njiani.

– Nyuma yako?

– Nyuma yangu.

– Kwa hiyo mama mkwe wako, mama aliyekupa mke, utampa kisogo kutoka Nanyamba mpaka hapa.

Jambo hilo likawakalisha chini wote. Maana ilikuwa kweli. Huku kwetu, na kwao Mathayo ziwani vile vile, mtu na mama mkwe wake hawakai bega kwa bega, hawatazamani usoni, na mtu hamgeuzii mgongo mama huyo kama vile amegombana naye. Mathayo alipokwenda Nanyamba alikaa nje barazani, na mkwe wake alikaa ndani nyuma ya mlango. Bibi Felista akipita uani, Mathayo huinama mpaka apite. Kwenye lori jambo lilikuwa rahisi: mama mbele kwa dereva, Mathayo juu ya mizigo. Gari dogo kama lile halikuwa na juu.

Danieli alisema ziko nchi ambako kiti cha nyuma hugeuzwa kikatazama nyuma, hivyo mama atakuwa akiangalia njia aliyotoka naye Mathayo njia aendayo, na kisogo kitakutana na kisogo kwa haki. Pampu akapima kwa spana, akasema kiti kile hakigeuki ila kwa msumeno, na gari bado ni la daktari. Rashidi akataka kanga ifungwe kati ya viti. Wakaenda kuomba kanga kwa Mwajuma, mkewe Pampu, naye akatoa moja akiwatazama kama watu waliolala juani. Ilipofungwa ikafaa sana, ila Danieli aliyekaa usukani akasema sasa kile kioo kidogo cha kutazamia nyuma kinaonyesha maua tu.

– Kioo kipi? aliuliza Rashidi.

Wakamwonyesha. Mzee akakaa nyuma, kanga ikafunguliwa, akatazama kioo, na ndani ya kioo akakutana na macho ya Danieli. Akatoka upesi.

– Hii ni aibu. Wamekiweka makusudi watu wasioheshimu wakwe zao. Kiondoeni.

Danieli akamwuliza, je, askari wa barabarani atasemaje akikuta gari halina kioo. Rashidi akajibu kwamba askari naye ameoa. Hata hivyo akaamuru jambo lijaribiwe, kwani yeye si mtu wa kuhukumu bila kuona. Akajifunga ile kanga kichwani na mabegani, akajikunja kiti cha nyuma kama mtu mwenye nyonga mbovu, Pampu na Danieli wakaingia kubanana naye kama wajukuu, na Mathayo akaambiwa aendeshe mpaka kanisani na kurudi.

Mathayo aliendesha vizuri. Alikuwa mtu wa trekta, gia alizisikia kwa mguu. Kwenda hakukuwa na tatizo. Pampu alikiri kwamba kiti ni laini na upepo unaingia, na Danieli alisema hata mtu mgonjwa anaweza kulala humo. Waliporudi, karibu kabisa na kijiwe, Mathayo akainua macho kwenye kioo atazame kama yuko mwendesha baiskeli nyuma yake. Akaona kanga. Chini ya kanga akaona macho ya mtu mzima yakimtazama kwa ukali.

Mazoea hayana likizo. Mathayo alisema, shikamoo mama, akainama kama alivyozoea kuinama, paji la uso likagusa usukani. Gari likaiacha njia likiwa na heshima zote, likapanda kibarazani kwa Pampu na kusimama katikati ya mkeka wa makopa yaliyoanikwa.

– Marahaba, alisema Rashidi kutoka nyuma, kwa sauti nyembamba.

Mwajuma alitoka. Hakusema mengi. Alisema kama mkwe wenyewe ni huyu, afadhali abaki Nanyamba, kisha akaanza kuokota makopa yake, na wanaume wanne wakamsaidia wakiwa wamepiga magoti. Gari halikuwa limepata hata mkwaruzo, Mungu ashukuriwe.

Waliporudi kwenye benchi, maneno yakazidi kupanda. Pampu alishauri Mathayo abaki na watoto, yeye Pampu aende na gari. Akaulizwa amejifunza lini kuendesha, akasema njiani. Danieli alishauri bibi aletwe amefunikwa shuka mwili mzima, na Rashidi akamkemea kwamba yuko mtu atakayeona shuka hilo na kuanza kulia njia nzima. Mwisho Rashidi mwenyewe akapata shauri kubwa. Alisema Mathayo aazime trekta la bandarini, apande trekta, afunge kamba ndefu, na bibi akae ndani ya gari peke yake akivutwa. Hapo adabu itakuwa na urefu wa kamba. Danieli akauliza, na usukani wa gari linalovutwa atashika nani? Rashidi akafikiri.

– Atashika mkwe mwingine.

– Hana mkwe mwingine, alisema Mathayo.

Jua lilikuwa limepita utosini. Mathayo alitazama vikombe, akatazama gari, na ndani yake akaanza kukubali kwamba labda mtu wa Mikindani alichukue. Alijua wenzake hawamchezei. Walilichukua jambo lake kama lao, ndiyo maana halikuisha. Lakini kesho padre atasoma jina, na bibi atakuwa kitandani.

Wakati huo alikuwapo mwanamke kijana amesimama na baiskeli yenye pancha, Rehema, mwalimu mgeni aliyehamia juma lile lile kutoka Lindi. Pampu alikwisha ivua tairi yake na kuisahau. Rehema alikuwa amesikiliza kwa adabu bila kuingilia. Sasa akasema shikamooni, akaomba radhi, akauliza jambo dogo ambalo hakulielewa.

– Bibi atakaa nyuma na watoto. Baba huyu ataendesha. Na mbele, pembeni yake, atakaa nani?



Pampu alishika dele, akalitikisa, likatoa mashapo. Danieli, ambaye hakupata kukosa habari, alitazama viatu vyake. Kwa muda wote ule walipima buti na kioo na kisogo, na hakuna aliyekitaja kiti kile. Hata Mathayo hakukitaja. Alipolichukua gari kwa daktari asubuhi, aliweka kofia yake nyuma. Elizabeti angekaa pale. Elizabeti angegeuka kumwambia mama yake, baba Agnes anakuamkia, kisha angegeuka kumwambia mumewe, mama anauliza kama umekula. Miaka yote maneno ya mkwe yalimfikia Mathayo kwa kinywa cha mkewe, na kisogo hakikuwa tatizo la mtu.

Mwalimu Rehema aliona kwamba amegusa mahali, akainama kuitafuta tairi yake.

Mzee Rashidi akafungua ile kanga mabegani, akaikunja vizuri, akamrudishia Mwajuma kwa mikono miwili. Akavaa kofia yake. Akaliendea gari, akapapasa mlango wa mbele akitafuta pa kuushika mpaka Pampu akaja kumfungulia, akaingia, akakaa pembeni ya usukani na fimbo yake kati ya magoti.

– Breki, twende. Watoto tutawapitia nyumbani. Mama atakalosema nitakupa mimi, na lako nitampa.

Mathayo alisimama. Maneno yake yalichukua muda mrefu kuliko siku zote.

– Ndugu Danieli, alisema, tafadhali pita kwa daktari. Mwambie gari nimelichukua.

Akaingia. Akafanya ishara ya msalaba, na Rashidi pembeni yake akasema bismillahi, kila mtu kwa sauti yake ya chini. Gari likashuka kibarazani kwa Pampu, likaingia njiani. Halijafika hata kona, wale wa kwenye benchi wakamsikia Gavana ameanza kazi.

– Mkweo anasema usikimbize.

– Mzee, bado hatujamchukua.

– Najua. Lakini atasema.