Mwaka Aliozaliwa Mwalimu Ruweida Msellem

Assalamu alaykum, Shehe wetu, wazee wetu, majirani wa Mgogoni, na walimu mliotoka Konde na Wete kuja kukaa nasi leo Jumapili, tarehe 26 Januari 2025, kwenye khitma ya siku ya tatu. Haya ni maisha ya Mwalimu Ruweida Msellem Kificho, yanayosomwa na mjomba wake, Mzee Ashraf, kama familia ilivyoyaandika, na kaka yake Haitham ndiye aliyetaka lisifichwe neno.

Marehemu alizaliwa hapa Mgogoni tarehe 3 Machi 1986, mtoto wa pili na wa mwisho wa marehemu Mzee Msellem Kificho na Bi Kazija Silima, na tarehe hiyo mtaisikia tena, kwa sababu ndiyo iliyomzuia ugenini.

Alianza darasa la kwanza hapa hapa mwaka 1993, akaendelea na sekondari Konde, akamaliza kidato cha sita Chake Chake mwaka 2006, kisha akavuka kwenda Unguja kusomea ualimu wa hesabu na fizikia, akahitimu shahada yake Novemba 2010. Alirudi kusomesha Konde kwa miaka sita, na wengi waliokaa kwenye majamvi haya wanajua kwamba hakuwa akitoka darasani mpaka aliyekaa nyuma kabisa ameelewa, akakosa gari ya mwisho, akaja kwa miguu huku amekamata viatu mkononi.

Tarehe 20 Desemba 2012 aliolewa na Bwana Seif, ambaye yuko nasi hapa, wakajaaliwa mtoto mmoja, Nusaiba, aliyezaliwa tarehe 9 Juni 2014, na mwaka uliofuata wakaachana kwa wema.

Tarehe 11 Septemba 2016 aliondoka kwenda Oman, akamwacha Nusaiba wa miaka miwili kwa bibi yake, kwa makubaliano kwamba atamchukua mara tu atakapotambuliwa kuwa mwalimu. Skuli ya binafsi ilimpokea kama msaidizi wa darasa, maana bila ya vyeti vyake kuthibitishwa na wahusika wa huko hakuruhusiwa kushika chaki, wala kuishi na mtoto.

Mwaka 2018, baada ya kukusanya barua na mihuri kwa muda mrefu, alitakiwa aongeze cheti cha kuzaliwa, ambacho hakuwahi kukatiwa, na kazi hiyo akapewa Haitham. Alikwenda Wete, karani akamuuliza mwaka aliozaliwa dada yake, naye akampigia simu mama yake, Bi Kazija akakumbuka kwa mavuno ya karafuu, Haitham akajumlisha kichwani, akaandikisha 1984, akaapa, akatia saini. Nakala za vyeti vya skuli vya dada yake, zote zikisema 1986, zilikuwa kabatini katika chumba alichokuwa akilala yeye, na hakuzifungua.

Machi 2019 Ruweida alijibiwa kwamba miaka haikubaliani, kwamba vyeti vyake haviaminiki, na jalada limefungwa. Aliendelea kuchonga penseli na kufunga kamba za viatu vya watoto, akasimama nyuma ya darasa akisikiliza somo alilolijua vizuri likisomeshwa na mtu mwengine. Haitham akawa anampigia simu kila Ijumaa kumwomba radhi, mpaka siku moja akamkatiza, "Kaka, radhi nilishakupa, usinipigie tena kwa hilo. Ukinipigia, mweke Nusaiba kwenye simu."

Kulisahihisha kosa hilo kulichukua karibu miaka mitatu, viapo, barua za chuo, safari za Haitham kutoka bandari ya Mkoani hadi Unguja na Dar es Salaam, na katikati yake maradhi ya korona yaliyofunga ofisi. Julai 2021 marehemu alikuja likizo ya wiki tano, na siku ya kwanza tu Nusaiba, kwa adabu aliyofundishwa ya kuongea na wageni, alimuuliza, "Utaondoka lini?" Alimtajia tarehe, kisha akaingia jikoni, akakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, na Bi Kazija anasema hakukuna hata nazi moja.

Tarehe 17 Januari 2022 alitambuliwa. Septemba akaanza kusomesha hesabu, akapanga nyumba, akaanza taratibu za kumchukua mwanawe, na ilipofika Mei 2024 pasi ilikuwa tayari, safari imewekwa Agosti, na sare za skuli mpya zimeshashonwa. Mwezi huo huo alianza kuumwa na tumbo, na vipimo vikaonesha saratani ya ini, iliyokuwa imeshatangaa mwilini.

Alirudi tarehe 5 Oktoba 2024. Alishuka Mkoani akiwa ameshikiliwa huku na huku, na walipofika nyumbani Nusaiba akamuuliza tena ataondoka lini, naye akamjibu, "Siondoki tena, mwanangu." Mtoto akafurahi, akakimbia kuwaambia majirani, na sisi tuliojua maana yake hatukuweza kutazamana. Kwa muda uliobaki walilala kitanda kimoja, wakasoma pamoja hesabu za sehemu, mpaka alipokosa nguvu ya kushika kalamu, akawa anamsahihisha kwa mdomo. Alifariki Ijumaa, tarehe 24 Januari, saa nne asubuhi, akazikwa siku hiyo baada ya Sala ya Alasiri.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa huko na wa hapa, majirani mliopika na kuchimba kaburi, walimu wenziwe wa Konde, na wenziwe wa Oman waliompakilia vitu vyake asivyoweza kubeba. Aliyekosewa na marehemu tunamwomba amsamehe.

Haitham ametaka isomwe pia kwamba miaka ile mitatu iliyopotea kwa kosa lake ilikuwa ya Nusaiba na mama yake, na kwamba jana alimwomba radhi mtoto. Nusaiba hakumjibu, na sisi wazee tumekubaliana asiharakishwe.

Pumzika, Ruweida, binti Msellem, mwalimu, mama wa Nusaiba. Mola akupokee kwa upole. Amin.