Mzee Morgan Khisa, Aliyekataa Injini Izimwe

Mzee Morgan Khisa alizaliwa tarehe 14 Machi 1949 huko Kimilili, mtoto wa tatu wa Mzee Makokha na Mama Nasike. Alisoma huko huko hadi darasa la saba, kisha akajifunza ufundi wa umeme Nairobi na kuhitimu mwaka 1971.

Mwaka 1974 alimwoa Namalwa, na mwaka 1993 wakahamia Kitengela. Mzee aliajiriwa kuangalia mtambo mdogo nje ya mji wa Kajiado: vinu viwili vya upepo, paneli za sola na injini ya dizeli, vikilisha zahanati na nyumba arobaini. Miaka kumi na miwili hakukubali injini ile izimwe, hata upepo uvume namna gani. "Upepo hauagi ukiondoka," alisema. Siku ya harusi ya bintiye Sheryl, mwaka 2001, alitoroka kanisani na suti yake kwenda kuisikiliza injini. Bibi harusi alinuna hadi keki ikakatwa!

Mwaka 2005 mapafu yalimlemea, akastaafu. Kamati ya mtambo ikaamua injini izimwe upepo ukiwa mwingi, dizeli isiishe haraka. Mzee aliwafuata mkutanoni akihema. "Jameni, siku wingu litafunika jua na upepo utatulia kwa pamoja, mtazima zahanati. Injini ikiwa baridi haiamki haraka."

"Mzee, wewe umeoa hiyo injini," mwenyekiti akamjibu. Wakacheka wote.

Jumamosi tarehe 12 Agosti 2006, saa nane mchana, Mzee alikuwa amelazwa kwenye zahanati hiyo hiyo, akipumua kwa mashine ya oksijeni. Mawingu yalitanda, upepo ukakatika ghafla. Taa ikafifia. Akafumbua macho, akamshika Namalwa mkono.

"Mama Sheryl, umeme unaanguka. Wameizima."

Mashine ikanyamaza. Mtungi wa akiba wa oksijeni ulikuwa mtupu. Katoo, mlinzi, alikimbia kuwasha injini. Ikakataa mara nne. Ilipowaka, Mzee alikuwa ametuacha.

Ameacha mjane, Namalwa. Watoto Sheryl, Lennox na Caro. Na wajukuu watano. Jamii inawashukuru nyote kwa kusimama nasi, lakini uchungu huu hatutaumeza kimya. Jana Lennox alipitia zahanati kuwashukuru wauguzi. Mtoto wa miezi saba yuko kwenye mashine ile ile. Upepo ulikuwa mwingi, na injini ilikuwa imezimwa.

Mungu ampumzishe Baba kwa amani. Mwenyekiti, tunakuona umeketi hapo mbele. Kabla hujala chakula chetu, piga simu iwashwe.