Fundi Polepole na Cherehani Aliyoifundisha Kushona Ngozi

Ndugu waombolezaji, mimi ni kaka yake mkubwa. Umri umekwenda, mtaniwia radhi nikisoma nimekaa. Marehemu alizaliwa tarehe 14 Juni 1957, kitinda mimba wa mama yetu. Alikuja mama ameshachoka kulea, basi nikambeba mimi mgongoni. Alikuwa mzito.

Alianza shule mwaka 1965, akamaliza darasa la saba mwaka 1971. Hakuwa mtu wa madaftari. Saa ya mwalimu mkuu iliposimama aliitengeneza yeye, ikatembea vizuri ila ikawa inachelewa robo saa, na shule nzima ikachelewa nayo hadi muhula ukafungwa.

Mwaka 1974 aliajiriwa katika kiwanda cha mashati, kwanza mfagiaji, baadaye fundi wa mashine. Humo alimkuta shemeji yangu akishona kola, wakafunga ndoa tarehe 10 Septemba 1983. Mguu wa kulia wa shemeji ni mfupi tangu utotoni, anavaa kiatu cha soli nene, na kila kiatu alichopata kiliachia mshono ndani ya miezi miwili. Kiwanda kilipofungwa mwaka 1991, marehemu aliruhusiwa kuondoka na cherehani moja kuukuu. Akasema itashona ngozi, mke wake aache kuburuza mguu.

Mota ya cherehani hiyo ilizoea mashati, ilikwenda kama inafukuzwa. Kwenye ngozi sindano zikakatika, uzi ukaungua. Akafunga puli ndogo kwenye mota, akapitisha mkanda kwenye gurudumu kubwa la mashine mbovu ya kusaga alilolifunga kwenye cherehani, mwendo ukashuka. Halafu yale meno ya chini yanayovuta kitambaa yakawa yanaacha alama kwenye ngozi. Akayapiga tupa, akapitiliza, ngozi ikagoma kusogea. Ikabidi atafute mengine, aanze upya. Miezi minane hiyo. Mteja mmoja alisimama mlangoni pa kibanda chake cha kushonea akauliza, "Fundi, hiyo cherehani imelala?"

"Haijalala, shangazi. Inafikiri."

Jina la Fundi Polepole likamganda. Lakini kiatu cha kwanza shemeji alikivaa miaka minne.

Figo zilianza kumsumbua Novemba 2021. Mwaka huu alishindwa hata kukanyaga pedali, na kiatu kipya cha shemeji kilikuwa mezani, kimekatwa, hakijashonwa. Mwingine anayeijua mashine ile hakuna. Akawa anazungusha gurudumu kwa mkono, tundu moja, anapumzika, tundu jingine. Siku ya kupelekwa hospitali aliniita.

"Kaka, kaa hapa. Kimebaki kisigino."

"Mimi dereva wa lori, ngozi naijulia wapi?"

"Ndiyo maana nakwambia, polepole."

Nikazungusha, yeye akaongoza ngozi. Mkono ulipomlegea nikamalizia peke yangu, yeye akitazama. Hakunikosoa. Alifariki tarehe 3 Machi 2024, saa nne asubuhi.

Ameacha mke, mabinti wawili, mjukuu mmoja, na mimi niliyetakiwa kutangulia. Shemeji amefika hapa kaburini kwa miguu yake, na kiatu ni hicho. Mkiona mshono uliopinda kwenye kisigino, huo ni wangu. Iliyonyooka yote ni ya mdogo wangu.

Apumzike kwa amani, polepole, kama alivyozoea.