Chapati Mbele ya Watu

Akina mama, mwenyekiti ameniambia niongee haraka chapati zisipoe. Nitajaribu. Lakini ushuhuda wangu unaishia kwa hizo chapati, kwa hivyo mnivumilie.

Mimi nimelelewa Kitale, kwa wakulima wa mahindi. Mama yangu alikuwa mpishi kwenye shule ya watoto wa matajiri, na mwalimu mmoja wa kigeni akanikuta nje ya dirisha nikiiga wanafunzi wake. Akaniingiza ndani. Hivyo ndivyo nilijua baleti, ile densi ya kusimama kwa ncha za vidole. Mnaniulizanga kama inauma. Inauma bana. Lakini niliipenda, nikaifuata mpaka Nairobi, na mwaka wa elfu mbili hivi nikachukuliwa na kikundi cha baleti cha watu wazima.

Sasa hapo ndipo pananitia kichefuchefu hadi leo. Mkurugenzi wetu, simtaji jina, alikuwa anapita asubuhi tukiwa kwa mstari, anatubonyeza mbavu. Vile mnunuzi anabonyeza mbuzi pale soko la Myanga, si mnajua? Vidole vyake vilikuwa na unyevunyevu na harufu ya sigara. Akipata nyama anatangaza, "Huyu wa Kitale bado amebeba gunia." Na sisi, ndugu zangu, nawaambia tulikuwa tunacheka pamoja naye. Tulidhani kazi ni hivyo.

Nikaacha kula mbele ya watu. Baadaye nikawa nakula kwa kujificha, halafu nakitapika chakula chote. Chumba chetu cha kubadilisha nguo kilinuka matapishi, kila mtu akijua ni kwa nini, kila mtu akijipulizia marashi. Halafu tunatoka jukwaani tumevaa nyeupe, watu wanapiga makofi. Uchafu mtupu!

Siku moja mazoezini kifundo cha mguu kikavunjika. Mkurugenzi alinivuka pale sakafuni, akamwita msichana mwingine ashike nafasi yangu, na muziki ukaendelea. Daktari ndiye aliniambia mifupa ilikuwa imedhoofika kwa njaa. Mimi mtoto wa mkulima wa mahindi!

Nikarudi Kitale na magongo. Huko nako, ati nilikuwa nacheza na nguo za ndani, ndiyo Mungu akanivunja. Majirani walisema hivyo wakinywa chai yetu. Walinichukiza sana.  Mama yangu alikuwa ananiwekea sahani, anatoka nje nisione mtu akiniangalia. Siku moja tu alisimama mlangoni akaniuliza, "Hii ugali imekukosea nini?" Nikalia mpaka ikapoa. Kesho yake akanipeleka kwa muuguzi mmoja, mama mpole, akanisikiliza bila kushangaa, na nikawa narudi kwake. Pole pole chakula kikaanza kukaa.

Kucheza sikuweza tena, lakini kufundisha niliweza. Nikaja huku Bungoma, nikaanzisha kikundi cha wasichana wa mjini na wa Tongaren. Mkurugenzi wa sanaa nikawa mimi, cheo kikubwa, na ofisi yangu kiti cha plastiki ndani ya stoo ya mahindi! Nikaweka sheria moja: hakuna mtu kucheza kabla ya kula. Nilikuwa nawapakulia githeri, mahindi na maharagwe, halafu mimi natoka nje. Mbele ya watu bado nilikuwa nashindwa.

Halafu yule mkurugenzi wangu wa Nairobi akaja. Alikuwa amesikia juu yetu, anatafuta msichana wa kupeleka Nairobi. Wazazi walijaa stoo wakiwa na nguo za kanisa. Akaanza kupita kwa mstari, akafika kwa msichana wangu hodari kuliko wote, akamwekea mkono mbavuni, akamnong'oneza kitu. Mtoto akacheka. Ndugu zangu, nilikijua hicho kicheko, kilikuwa changu.  Nikautoa ule mkono. "Hapa hatuuzi mbuzi. Toka!"

Akatoka. Lakini mama ya mtoto alinigeukia. "Mwalimu, si ungemwacha amalize! Ni wivu tu, kwa sababu wewe walikufukuza!" Akamshika binti yake wakaenda. Nilijua nimempoteza.

Asubuhi wakarudi wote wawili, mama amebeba chapati kwa kitambaa. Akaniambia, "Jana amekataa kula. Ati yule mzee alimwambia akikonda atarudi kumchukua. Ongea na yeye." Nikaanza kumweleza mambo ya mifupa, mambo ya nguvu. Mtoto akanisikiliza kwa heshima, kisha akasema, "Lakini mwalimu, na wewe hatujawahi kukuona ukikula."

 Nikachukua chapati, nikaumega. Samahani, nikaimega, hata sasa naogopa. Nikatafuna. Mtoto akaniangalia mpaka nikameza. Halafu akanyoosha mkono akachukua kipande chake.

Namshukuru mama yangu, na yule muuguzi, na huyu mama mwenye chapati. Yuko hapa, anajijua. Wazazi, mtoto wako akishikwashikwa na akacheka, usicheke naye. Muulize ameambiwa nini.

Huyo msichana amekaa hapo nyuma. Mwenyekiti, nipatie sahani yangu hapa mbele, nile nikiwa nimesimama. Na msiangalie kando. Niangalieni.