Listi ya Siku ya Ishirini na Nane

Tulitoka Gitega kwenda Butihinda nyuma ya magari ya askari, kila abiria akisali kimoyomoyo. Kijana wa kiti cha mbele yangu yeye alikuwa anahesabu majina ya wagonjwa wake kwenye karatasi. Alimwambia mama muuza vitenge aliyekaa naye kwamba anasomea doktora ya utafiti wa malaria.

"Siku ya makumi mbili na munane toka wameze dawa lazima niwapime tena, mama, na nusu siwaoni. Listi iko hapa: jina, mlima mtu anaokaa, nyumba. We ni wa Butihinda, nisaidie."

Mama hakuigusa karatasi. "Profeseri wako iko wapi?"

"Ubelgiji."

"Ndiyo maana. Huku mtu akikuja na listi ya majina na nyumba, watu wanakimbia. Listi ya mwaka jana ilimaliza nyumba ya dada yangu."

"Lakini hii ni ya dawa, mama!"

"Na ile walisema ni ya msaada."

Nadhani somo hilo halimo katika doktora.

Gari likasimama kwenye kizuizi. Askari akaamuru tufungue mifuko. Mama akampokonya kijana ile karatasi, akaikunja, akaificha kifuani mwake.