Mupaka Uliokuwa Chini ya Jiwe

Musikilize, watoto wangu, na wewe Ferdinand uache hiyo simu, ukae hapa karibu na mukono wangu, kwa sababu pumzi imebaki kidogo na maneno ni mengi. Parseli hii ya Murara, kiwanja chetu hiki, ni yenu, wewe na dada yako Alliance, nyumba na mbuzi pamoja, na juu ya hayo sina wasiwasi. Neno langu ni mupaka.

Volkano ya 2002 ilifunika uzio wetu wa miti ya miyenzi, tukarudi tukakuta jiwe jeusi tupu, kila mutu akapima kwa kumbukumbu yake. Mimi nikasema mupaka uko hapa, jirani yetu Mushagalusa akasema uko kule, tukatukanana miaka na miaka, mpaka siku ile vijana walipopigana na jiwe la mutoto wake likamupata kaka yenu Damien kichwani. Damien tukamuzika. Yule mutoto akakimbia, hajarudi hata leo, na mama yake anamulilia mpaka sasa. Hasira ni hasara, watoto wangu.

Mwezi uliopita, tulipovunja jiwe tuchimbe choo kipya, wewe Ferdinand ukaona chini yake udongo uliochomwa ukawa mwekundu, na ndani yake mashina ya miyenzi, makaa matupu, yamesimama mustari pale pale nilipokuwa ninasema. Ukapiga kelele: "Papa, haki ilikuwa yetu!" Wewe ukafurahi, mimi nikalia, maana haki hiyo haikunirudishia Damien.

Nikasema muendelee kuchimba. Jeancy, mutoto wa Alliance, anayesoma mambo ya udongo kwa iniverisite, akashuka ndani ya shimo akatuonyesha tabaka za udongo: hapa mvua ilinyesha sana, hapa jua lilikausha nchi, hapa watu walichoma pori wapate kulima. Na chini kabisa, chini ya majivu ya volkano ya kale, mafiga matatu na vigae vya chungu, katikati kabisa ya mupaka wetu. Watu hao walisema luga gani? Jeancy hakujua. Ole wetu! Tulipoteza watoto wawili juu ya jiko la watu wengine.

Ferdinand, nimesikia unasema nikifa tu utajenga ukuta pale kwenye makaa. Usijenge. Umuachie Mushagalusa kipande kile. Ninajua ni chetu! Ndiyo sababu ninasema umuachie. Kingekuwa chake, ningesema umurudishie.

Mukinizika, desturi ni mutoto mukubwa kutupa udongo wa kwanza. Huyo alikuwa Damien. Basi aanze Mushagalusa. Uende wewe mwenyewe, Ferdinand, usitume mutu, ubishe mulango wake, umushike mukono, umulete.

Alliance, maji... Inatosha, mama.

Mungu awape mvua kwa wakati wake, awape na amani, ile mimi sikuipata... Ferdinand, utaenda? Itika, mutoto wangu. Sisikii... Itika basi.